Nyaya Nilizozitupa

Nimerudi juzi kutoka Katumba, kwenye mazishi ya Mama Espe, na mpaka sasa chakula hakinishuki kooni. Wajukuu zangu wanadhani ni uchovu wa basi, nami nawaacha wadhani hivyo. Mwanamke wa umri wangu akisema ameshtuka, watu wanakimbilia kumpima presha, na presha yangu ni nzuri kuliko yao. Kilichonipata hakipimiki hospitali. Nimeambiwa jambo moja nikiwa nimekaa kwenye mkeka na sahani ya wali mapajani, na jambo hilo limeupindua mwaka mzima wa ujana wangu, mwaka ambao kwa miaka hamsini nimekuwa nikijisifia. Ndiyo, nikijisifia. Nimewasimulia watu harusini na misibani jinsi nilivyompa mkimbizi mmoja matumaini kwa maneno mawili matatu tu, na watu wakanisifu, nami nikapokea sifa zao zote. Sasa nakaa kuuandika mwaka ule upya, safari hii bila kujipamba.

Ni ule mwaka wa sabini na mbili kuingia sabini na tatu, Warundi walipokuwa wakiyakimbia mauaji ya kwao na kuvuka kuja kwetu, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu milimani. Habari za wazazi wangu nazipita, hazihusiki hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa Ujiji kwa shangazi yangu, na nilifanya kazi mtaa wa Mwanga, Kigoma mjini, kwa fundi wa redio na gramafoni aliyeitwa Bwana Shabani. Aliniajiri kwanza nishone vitambaa vya kufunika spika. Siku moja akaniona natunga uzi kwenye sindano bila hata kuisogeza kwenye mwanga, akaniita nyuma ya kaunta. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu na alikuwa akiwaficha wateja. Akanipa lensi ya fundi saa, ile ya kubana jichoni, akaniwekea mbele kichwa cha gramafoni na kuniambia nimweleze ninachokiona. Kuanzia siku ile sikushona tena.

Kichwa cha gramafoni, kwa asiyewahi kukiona, ni kidude cha ukubwa wa kokwa ya tende kinachokaa mwisho wa ule mkono unaoshuka juu ya santuri. Chini yake imechomekwa sindano, na nyuma yake kuna vijino vinne vya shaba ambavyo nyaya huvishika kwa vishikizo vidogo vya bati. Kichwa kikifa, gramafoni nzima ni sanduku tu. Vipya vilikuwa haba Kigoma, kwa hiyo tuliuza vya zamani, na kazi yangu ilikuwa kuvihukumu. Nilianza na ncha ya sindano, ambayo ni jiwe dogo kuliko punje ya chumvi. Jiwe zima, ukiligeuza kwenye mwanga, linatoa nukta moja ya mviringo. Lililolika linatoa nukta mbili bapa, moja kila upande, na hilo litaichimba santuri ya mtu badala ya kuisoma. Kisha nagusa kwa ukucha mpira unaoshika sindano, kama bado unarudi au umekauka. Mwisho nakifunga kichwa kwenye gramafoni yetu ya betri na kusikiliza, kwa sababu vichwa vya zamani vina kioo cha chumvi ndani na unyevu wa ziwa hukila kimyakimya. Kwa nje unakiona kizuri, ukikiweka, mwimbaji anasikika kana kwamba amejifunika blanketi. Nilikuwa nasubiri mwimbaji afike kwenye neno lenye herufi s. Kichwa kizima huitamka s vizuri, kibovu huitema.

Nilikuwa hodari, nisijifanye. Katika miezi michache wanaume wenye ndevu zao walikuwa wakisimama mbele ya kaunta wakisubiri msichana wa kumi na tisa atoe lensi jichoni na kusema kizima au kibovu. Wengine walikuja na vichwa vilivyobandikwa sarafu juu ili sindano isirukeruke, nikawafokea kwamba wanazikata santuri zao kama viazi, na wakanisikiliza. Kosa lao jingine lilikuwa kugeuza sindano upande usio wake. Vichwa vingi vilikuwa na ncha mbili na kijiti kidogo cha kugeuzia, ncha nene kwa santuri nzito za zamani na ncha nyembamba kwa zile nyepesi zilizokuja baadaye. Mtu akisahau kugeuza, ncha nyembamba inaserereka chini kabisa ya mfereji wa santuri nzito na kulika mbele, kwenye pua, tofauti na kulika kwa kawaida. Niliweza kumwangalia mteja na kumwambia, kwako hakuna anayekumbuka kugeuza, na mteja akacheka kwa aibu. Nilipenda sana kicheko hicho. Nilizoea kuwa na jibu.

Mwaka ule mzigo uliongezeka. Alikuwapo mfanyabiashara wa Kagunga, Bwana Filipo, mwenye boti ya kupakia dagaa na abiria hadi Kibirizi. Zamani alituletea vichwa viwili vitatu kwa msimu. Sasa alikuja na mafungu, yamefungwa kwenye vipande vya shuka. Bwana Shabani alisema jambo liko wazi, mkimbizi hawezi kubeba gramafoni mgongoni, lakini kichwa chake kinaingia mfukoni, na akifika huku anakiuza apate kula. Nilikubali, maana ilikuwa kweli kwa baadhi. Lakini nilikuwa na macho. Vichwa vingine vilikuja vijino vitupu, vishikizo vimechomolewa kimoja kimoja. Vingine vilikuja na vipande vya nyaya vinaning'inia, vimekatwa kwa kisu au kunyofolewa kwa nguvu. Anayetoa chake huchomoa, anayechukua cha mtu hukata. Hilo sikuhitaji kufundishwa. Na kazi ya kwanza fungu likifunguliwa, kwa agizo la Bwana Shabani, ilikuwa kuondoa mabaki yote ya nyaya, kupangusa kwa spiriti na kusugua vijino ving'ae, ili vyote vifanane na mteja asiulize. Nyaya nilizitia kwenye kopo la maziwa, na kopo likijaa nilikwenda kulimwaga kwenye shimo la kuchomea taka nyuma ya duka. Nilifanya kazi hiyo huku naimba.

Nyumbani kwa shangazi palikuwa na chumba cha uani ambacho zamani kiliwekwa kuni. Humo ndimo alimopangishiwa Mama Espe, Mrundi wa upande wa Rumonge, mwenye miaka ishirini na sita hivi na mtoto wa kike wa miaka miwili mgongoni. Kilikuwa na dirisha la ukubwa wa sinia na harufu ya moshi ukutani ambayo haikutoka hata tulipopaka chokaa. Alikisafisha mpaka sakafu ya udongo ikawa inang'aa. Kiswahili alikijua kutoka kwao, kile cha ng'ambo, na kilipomwishia alimalizia kwa Kirundi, nasi tukamwelewa kwa sababu Kiha chetu kinafanana nacho. Jioni tulikula pamoja uani, ugali wa muhogo, migebuka ya kukaanga au maharage yaliyoungwa kwa mawese, na Espe akilazimisha kukaa mapajani mwangu ili aibe mkia wa samaki wangu. Mama Espe aliongea kidogo. Nilimsikia siku moja, nikiwa nachambua mchele upande wa pili wa ukuta, shangazi akimuuliza mumewe yuko wapi. Akajibu kwamba alikuwa mwalimu, anaitwa Laurenti, na kwamba alibaki nyumbani. Shangazi akasema Mungu ni mwema, atafuata. Mama Espe akamwita mtoto aje kuogeshwa. Wakimbizi wengine walikuwa wakishinda Kibirizi kuangalia nani ameshuka botini. Yeye hakwenda hata siku moja, nami nikadhani ni haya yake tu. Nilimpenda. Aliniita mdogo wangu, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, nimesahau mwezi. Nilikuwa nimeondoka bila chakula, na Mama Espe, aliyekuwa anakuja Mwanga kuuza vitambaa alivyodarizi, akanipitishia ugali na dagaa kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Bwana Shabani alikuwa ameenda msikitini kuswali adhuhuri. Nilimkaribisha nyuma ya kaunta, nikasogeza sinia la vichwa nilivyokuwa nimevisafisha tangu asubuhi ili aweke bakuli. Bakuli halikufika mezani. Lilianguka, dagaa wakatawanyika sakafuni, naye hakuinama kuwaokota. Alikuwa ameshika kichwa kimoja cheusi, amekiinua karibu na uso. Ubavuni, kando ya kijiti cha kugeuzia, palikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha, ambalo mimi nilikuwa nimeliona asubuhi na kuliacha kwa sababu halikutoka kwa spiriti.

"Hiki ni chetu," alisema.

Nikamwambia watu wengi hutia alama ya rangi, Kigoma hii hii ninao wateja watatu wa namna hiyo. Akasema tone hilo alilitia yeye kwa mkono wake, kwa sababu mumewe haoni vizuri na kila mara alisahau kugeuza sindano, akaziharibu santuri nzito za shule. Hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikafanya kile nilichokuwa hodari kukifanya, nikabana lensi jichoni. Ncha nyembamba ilikuwa imelika puani, kwa namna ile ile ya mtu asiyekumbuka kugeuza, na ncha nene ilikuwa karibu mpya. Nikakifunga kwenye gramafoni yetu na kuweka santuri. Kilicheza, s zikitemwa. Nikamwambia ni kweli, kichwa hiki kimekaa kwenye nyumba ya mtu kama huyo. Nilimwambia kwa sauti yangu ya kazini. Najikumbuka vizuri, na najichukia ninapojikumbuka. Mwanamke amesimama mbele yangu anatetemeka, nami ndani kwa ndani nafurahi kwamba nimepatia.

Aliketi kwenye kigoda cha Bwana Shabani. Espe alikuwa amelala mgongoni. Kwa muda mrefu aliangalia vile vijino vinne vya shaba nilivyovisugua mwenyewe asubuhi ile, kisha akaniuliza kwa utulivu ulionishtua kuliko kama angepiga kelele.

"Tatu, nyaya zake zilikuwa zimekatwa au zimechomolewa? Mume wangu hakati. Alikuwa anazichomoa moja moja, kwa kibanio changu cha nyusi."

Sikukumbuka. Huo ndio ukweli, na nauandika hapa waziwazi. Asubuhi ile nilikuwa nimesafisha vichwa zaidi ya ishirini, baadhi vina nyaya, baadhi havina, mikono ikienda yenyewe na mimi naimba. Kopo lilikuwa limejaa, nilikuwa nimelimwaga saa moja kabla hajaingia, na shimo lenyewe lilikuwa linafuka moshi. Kila alama ambayo ingemjibu nilikuwa nimeiondoa kwa kucha zangu. Nikamwangalia usoni. Niliona macho yamekodoka, midomo imekauka, na nikaamini naona mke anayemngojea mumewe. Kama kichwa kilikatwa, basi majambazi waliingia nyumbani, na mwalimu yuko wapi? Kama kilichomolewa, basi ni mwenyewe alikichomoa, akiwa hai, akakitia mfukoni na kushika njia. Jibu la pili lilikuwa zuri, na halikunigharimu kitu.

"Zilichomolewa," nikasema. "Kilikuja safi, vijino vyote vimenyooka. Aliyekitoa ni mtu anayejua."

"Una hakika, mdogo wangu?"

"Nina hakika."

Alisema "Mana yanje", Mungu wangu, mara moja, kwa sauti ya chini, akainuka, akatoka nje hadi kwenye mtaro na kutapika. Nilimshika mabega. Nilimwambia asilie, yuko hai huyo, pengine yuko Kagunga sasa hivi, pengine yuko Bangwe anauliza watu. Nilimpa kichwa kile akiweke, nikajiambia nitajua la kumweleza Bwana Shabani. Alikifunga kwenye pindo la kitenge chake na kuondoka bila kuaga, na mimi nikabaki naokota dagaa na machozi ya furaha yananidondoka. Furaha, nasema. Nilikuwa nimefanya jambo jema kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya.

Siku tatu hakula. Shangazi alimpelekea uji chumbani na kuurudisha umeganda. Alisema huyu binti ana msiba, nami nikamkatalia, nikasema ana subira tu, mumewe anakuja. Nilimweleza habari ya kichwa kwa mbwembwe zote na shangazi akanibusu paji la uso. Bwana Filipo alipokuja tena nilimkabili mbele ya Bwana Shabani, nikataka aseme kile kichwa chenye tone jekundu alikitoa kwa nani. Alikasirika. Alisema ananunua fungu zima kwa watu ufukweni, usiku na mchana watu wanashuka, hawaulizi majina, na kama mimi ninataka majina nikafanye kazi polisi. Bwana Shabani aliniambia nirudi kwenye lensi yangu. Nikarudi, na nikaendelea kuondoa nyaya, maana sikuwa nimejifunza lolote. Wiki chache baadaye malori yakaja kuwachukua wakimbizi kuwapeleka kwenye makazi ya Katumba, bara huko, wapewe mashamba. Nilishangaa kuona Mama Espe ndiye wa kwanza kujiandikisha. Nilimwambia akienda mbali na ziwa, mumewe atampataje? Alinishika shavu akasema, "Urakoze, Tatu. Asante, umenitendea wema." Lori likaondoka na Espe, aliyepakatwa na mtu mwingine, ananipungia mkono. Miaka yote iliyofuata zilikuja salamu kwa watu, mara mahindi, mara asali, hakuna barua. Nami salamu hizo nikazihesabu kuwa shukrani.

Ndivyo nilivyofika Katumba wiki iliyopita, bibi wa Ujiji aliyetunza hadithi yake nzuri. Walinipokea kwa heshima kubwa. Espe sasa ni mama wa watu wazima, mnene, mwenye kicheko, ana mikono ya mama yake hasa. Aliniita mama mdogo na kuniketisha ndani, kwenye mkeka wa wanawake wa karibu. Chumba kilinuka maji ya mvua na mchele mpya. Tukiwa bado tunakula aliwaomba wenzake watuachie nafasi, akasogea, akaniuliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama mdogo, ni wewe uliyemwambia mama kwamba baba alikuwa hai?"

Nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu, nikavuta pumzi nianze kusimulia. Nikasema ndiyo, ni mimi. Espe akatikisa kichwa taratibu na kusema kwamba alitaka tu kunifahamu, maana mama yake hakuwahi kunilaumu. Kisha akanieleza. Watu walivamia nyumba yao kule Rumonge mchana, mama yake akiwa nyuma ya nyumba kwenye muhogo pamoja na yeye. Walipoondoka aliingia akamkuta mumewe amelala sebuleni, damu imejaa. Alimwita, akaweka sikio kifuani mwake, na hakusikia kitu, ingawa mtoto alikuwa analia na moyo wake mwenyewe unapiga masikioni. Akamfunika kitenge, akavuta mlango ili mbwa wasiingie, akakimbilia ziwani. Alikuwa na hakika kwamba amemwacha maiti, na kwa hakika hiyo aliweza kuvuka, kula, kumlea mtoto, kudarizi vitambaa. Hakwenda Kibirizi kwa sababu hakuwa na wa kumngoja. Mpaka Jumatano ile, mimi nilipomwambia kwa sauti ya fundi kwamba mumewe aliamka.

Sahani iliniponyoka. Espe aliendelea, naye hakuwa na ukali, na afadhali angekuwa nao. Mama yake aliishi akimwona mumewe anaamka peke yake chini ya kile kitenge, anaita, hakuna mtu, anasukuma mlango aliouvuta yeye. Anakichomoa kichwa cha gramafoni kwa kibanio chake, kwa sababu ndicho kitu chepesi cha kuuza, awafuate. Na njiani, peke yake na kidonda, anaishia. Alijiandikisha kwenye lori la kwanza ili asilione ziwa. Kanisani kwao watu husimama na kutubu mbele ya wote, na mwaka wa kwanza tu makazini Mama Espe alisimama akasema amemwacha mumewe hai akafa. Wachungaji walimwombea, wakamwambia amesamehewa. Hakukubali. Miaka hamsini alikaa benchi la nyuma, na siku za meza ya Bwana alikuwa anatoka nje, anasubiri chini ya upenu mpaka wenzake wamalize. Watoto wa pale walikua wakimjua kama yule mama aliyemwacha mumewe. Alikataa kuolewa, akisema hajui ni mjane wa siku gani.

Nilimwambia. Sikujua nitaanzia wapi, nikaanzia kwenye kopo la maziwa. Nilimweleza nyaya, shimo, moshi, vichwa ishirini, na kwamba nilimtazama mama yake usoni na kuchagua jibu. Kiswahili changu chote cha Ujiji kiliniishia. Espe alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka anipige, anitukane, amfukuze huyu bibi na mfuko wake wa rambirambi. Badala yake akasema kesho ni Jumapili, na akaniuliza kama ningeweza kuyasema hayo kanisani, mbele ya wale wale waliomsikia mama yake akitubu. Nilisema mimi Mwislamu, sijui taratibu. Akasema taratibu ni moja tu, unasimama.

Basi nilisimama. Kanisa la matofali, bati linalia kwa joto, watu wamejaa hadi mlangoni kwa ajili ya msiba. Nilijifunga mtandio vizuri, nikashika mgongo wa benchi lililokuwa mbele yangu, nikasema naitwa Tatu, natoka Ujiji, na kwamba dhambi aliyoitubu Mama Espe katika nyumba hii haikuwa yake. Nilisema kazi niliyofanya, nilichokiondoa, nilichoulizwa, nilichojibu, na kwamba nilichojibu nilikitunga. Nilipomaliza nilidhani nitasikia nafuu, watu husema kuna nafuu, na mimi sikuisikia. Aliyehitaji maneno hayo tulikuwa tumemfukia jana yake. Nilikuwa nainama kukaa, ndipo mzee mmoja wa safu ya tatu, mwenye fimbo, aliyekuja na lori lile lile la kwanza, akainuka kwa shida na kunigeukia. Hakuwa na hasira, alitaka kuelewa tu.

"Kwa hiyo, mama," akauliza, "yule mwalimu, alipoachwa, alikuwa amekufa au alikuwa hai?"

Kanisa zima liligeuka kunitazama, wakisubiri, na Espe pia.

"Sijui," nikasema.